Kuchanga Mtaji kwa Biashara za Hapa Petu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Akiba ya watu wa mahali pamoja ikikusanywa inaweza kufungua, kukuza au kuokoa biashara ambazo benki haziziangalii. Kukusanya ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye masharti: fedha imeingia kwa sura gani, nani anaamua, na mtu akiihitaji ataitoaje. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye hayo matatu. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo popote inapotajwa sheria ya nchi fulani, ichukue kama mfano.

Kuchangia na kuwekeza si jambo lile lile?

Hapana. Anayechangia ameshaiaga fedha yake. Anayewekeza anatarajia irudi na kitu juu yake, ingawa anajua inaweza kupotea.

Klabu ya Green Bay Packers ya Marekani imewauzia mashabiki hisa kwa awamu kadhaa tangu 1923. Hisa hizo hazilipi gawio wala haziuziki kwa faida, na watu bado wanazinunua kwa sababu wameambiwa hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyedanganywa. Balaa huja pale nusu ya kikao inapodhani inasaidia na nusu nyingine inadhani inawekeza, halafu kila upande unakumbuka ahadi yake. Kabla senti haijatoka mfukoni, andikeni waziwazi ni lipi kati ya hayo mawili, na kila mmoja atie saini.

Tayari tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Hakitoshi?

Ni mwanzo mzuri kuliko mwingine wowote. Mmeshajuana kwa vitendo: nani hurejesha kwa wakati, nani huadimika siku ya marejesho. Lakini muundo wa kikundi cha namna hiyo haukutengenezwa kwa ajili ya mtaji wa muda mrefu.

Mfumo wa vikundi vya hisa unaofahamika leo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kisha ukasambaa Afrika nzima na kwingineko. Wanachama hununua hisa kila wanapokutana, wanakopeshana kwa muda mfupi, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, wanavunja sanduku na kugawana kila kilichomo. Kule kuvunja ndiko kunakoulinda mfumo, maana kila mwaka hesabu inaonekana kwa macho. Lakini mashine inayojilipa kwa miaka minne hainunuliki kwa fedha ambayo lazima irudi sandukuni mwezi wa kumi na mbili.

Ushauri wangu ni kuliacha sanduku liendelee kama lilivyo na kufungua mfuko wa pili wa hiari, wenye katiba yake, akaunti yake na daftari lake. Siku ya kuvunja ndiyo siku ya kumkaribisha kila mwanachama ahamishe sehemu ya mgao wake, kama anataka. Asiyetaka asionekane msaliti.

Njia za kuingiza fedha kwenye biashara ni zipi?

Mkopo ndio unaojulikana zaidi. Biashara inapewa fedha, inarejesha kwa tarehe zilizopangwa pamoja na riba au ada, na mkataba unaisha. Kikundi hakimiliki kitu. Ni rahisi kuufuatilia, ila unabana mahali pabaya: biashara yenye msimu italazimika kulipa mwezi wa njaa sawasawa na mwezi wa mavuno.

Ndiyo maana napenda mgao wa mauzo. Tuseme biashara inapokea 1,000 na kuahidi kulipa asilimia 4 ya mauzo ya kila mwezi mpaka jumla ifike 1,300. Mauzo yakipanda inamaliza mapema, yakishuka inalipa kidogo na kuchukua muda zaidi. Mwenye biashara hapotezi umiliki, na wawekezaji wanajua mwisho wao ni upi. Sharti lake moja ni kubwa: mauzo lazima yaandikwe na yaonekane. Pasipo na daftari la kuaminika, njia hii isijaribiwe.

Hisa ni umiliki. Mnapata sehemu ya faida na sehemu ya hasara, na mna sauti. Hisa hufaa pale biashara inapohitaji fedha isiyo na tarehe ya kurudi, hasa mwanzoni. Kosa la kawaida ni kuchukua hisa kwenye biashara ya mtu mmoja ambaye hana nia ya kutoa gawio wala kuiuza. Mtakuwa wamiliki wa karatasi.

Kuna malipo ya mbele, ambayo watu huyasahau kwa sababu hayafanani na uwekezaji. Wateja wanalipia sasa bidhaa au huduma watakayoipata baadaye, kwa punguzo. Kwa biashara ambayo tayari ina wateja waaminifu huu ni mtaji wa gharama ndogo sana, na kwa kawaida hauna makaratasi mengi. Hatari yake ni mwenye biashara kuitumia fedha yote, kisha kukosa ya kununulia malighafi pale wateja wanapokuja kudai haki yao.

Kikundi kinaweza pia kuweka fedha yake benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kama dhamana, taasisi ikakopesha biashara, nanyi mkaguswa pale tu mkopaji anaposhindwa kulipa. Uchambuzi na ukusanyaji wa marejesho unafanywa na wanaofanya kazi hiyo kila siku.

Mwisho kuna kununua jengo au ardhi na kuipangisha biashara. Biashara ikifa, jengo linabaki na mpangaji mwingine anaweza kuingia. Kwa kikundi chenye woga, na woga si dhambi kwenye fedha za watu, hapa ni mahali pa heshima pa kuanzia.

Tuchague ipi?

Ulizeni fedha itakwenda kununua nini. Bidhaa za kuuza ndani ya miezi mitatu: mkopo mfupi. Kifaa kitakachoongeza mauzo: mkopo mrefu kidogo au mgao wa mauzo. Biashara ambayo haijaanza, isiyo na mauzo ya kulipia chochote: hisa, au msisubiri chochote kwa muda. Kama mwenye biashara hawezi kueleza fedha itanunua nini, hakuna njia inayofaa.

Mwenye hisa nyingi awe na kura nyingi?

Kwenye kampuni ya kawaida ndivyo ilivyo. Kwenye ushirika, kila mwanachama ana kura moja bila kujali ameweka kiasi gani. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844 kwa mtaji wa pauni 28, waliliweka hilo kwenye kanuni zao, wakaongeza jambo lililobadilisha historia ya ushirika: ziada iligawanywa kwa kadiri mwanachama alivyonunua dukani, na mtaji wenyewe ukalipwa riba yenye kikomo. Aliyeweka fedha nyingi hakuwa mfalme, na aliyenunua kila wiki hakuwa mgeni.

Kwa fedha za jamii mimi nasimama upande wa kura moja. Watu wa kipato kidogo huacha kuhudhuria vikao wakiona maamuzi yanafanywa na watatu, na wakishaacha kuhudhuria, kazi ya kumwangalia mweka hazina haina wa kuifanya.

Tajiri mmoja anataka kuweka nusu ya fedha zote. Tukatae?

Msimkatae, mwekeeni dari. Katiba iseme hakuna anayeruhusiwa kuzidi, tuseme, asilimia 10 ya mfuko. Si suala la wivu: siku akiondoa nusu ya mfuko, mfuko umekufa. Kinachozidi anaweza kuikopesha biashara moja kwa moja, kwa mkataba wake mwenyewe.

Mtu akitaka kutoka, atapataje fedha yake?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka liulizwe kwenye kikao cha kwanza, na kwa kawaida huulizwa mwaka wa tatu, na mtu ambaye ana mgonjwa nyumbani.

Hisa ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huuzwa kwa mtu usiyemjua, siku hiyohiyo. Hisa ya biashara ya jirani haina soko. Mnunuzi pekee ni mtu mwingine wa hapo hapo, ambaye naye ana shida zake. Fedha ya mwanachama ikiwa imegeuka kuwa tanuri au paa, haitatoka kwa kuwa tu ameandika barua. Asipoelezwa hivyo mapema ataona ameibiwa, hata kama kila senti ipo mahali pake.

Njia za kutokea zipo kadhaa. Ya kwanza ni kutotoa hisa kabisa: wanachama waukopeshe mfuko kwa hati za miaka miwili, mitatu au mitano, kila mmoja achague muda wake na ajue tarehe. Mfuko nao usikopeshe kwa muda mrefu kuliko muda uliokopeshwa. Mkichukua fedha ya miaka miwili na kuitoa kwa miaka mitano mmejitegea wenyewe.

Njia ya pili ni hisa zinazorudishwa, zinazotumiwa sana na vyama vya ushirika vya Uingereza. Mwanachama hamuuzii mtu mwingine. Anakirudishia chama hisa na kulipwa thamani ileile aliyoingilia, haizidi, ingawa bodi inaweza kuipunguza biashara ikipata hasara. Anatoa notisi, na bodi ina mamlaka ya kusimamisha malipo fedha ikiwa haba. Sheria ya huko iliinua mwaka 2014 kiwango cha juu ambacho mtu mmoja anaweza kumiliki kwa hisa za aina hii, kutoka pauni 20,000 hadi 100,000. Maduka ya vijiji, baa na miradi ya umeme imejengwa kwa fedha ya namna hii. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayelangua: bei haipandi, kwa hiyo mtu huingia kwa sababu anaitaka biashara iwepo na anaridhika na riba ya kiasi.

Ya tatu ni orodha ya ndani. Katibu anaandika wanaotaka kutoka na wanaotaka kuingia, kwa mpangilio wa tarehe, na kila anayeingia ananunua kwanza hisa za anayetoka. Haina gharama, lakini haisaidii wakati mbaya, maana siku biashara inapoyumba wote wanataka kutoka na hakuna anayeingia.

Ya nne ni kutenga sehemu ya faida ya kila mwaka kwa ajili ya kununua hisa za wanaotoka, kwa kikomo. Mfano: mwaka mmoja zisirudishwe zaidi ya asilimia 10 ya hisa zote, na wagonjwa na warithi wa waliofariki watangulie.

Mimi ningechanganya ya pili na ya nne. Chochote mtakachochagua, mwandike pia nini kitatokea mwanachama akifariki: jina la mrithi liwe kwenye daftari tangu siku ya kujiunga. Ndugu wakifika msibani wakiwa na madai tofauti, kikundi hakina namna ya kuamua kwa haki bila karatasi hiyo.

Biashara ikifa, tunapoteza kiasi gani?

Fanyeni hesabu hii pamoja, kwa sauti. Mfuko umezikopesha biashara kumi, kila moja 100, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Tisa zinalipa vizuri: riba ni 72. Moja inakufa na mtaji wote: hasara ni 100. Mmefanikiwa mara tisa kati ya kumi na bado mfuko umepungua kwa 28.

Kwa hiyo riba peke yake haiwezi kubeba makosa mengi, na kuipandisha mpaka ibebe kunawaua wakopaji wazuri. Kinachosaidia ni akiba ya hasara inayotengwa kabla ya gawio lolote, dhamana ya kitu kinachouzika, na kugundua mapema. Biashara iliyochelewesha rejesho moja itembelewe wiki hiyohiyo. Aliyefikiwa mapema mara nyingi bado ana bidhaa, bado ana wateja, na anaweza kupangiwa upya.

Msiweke kila kitu sehemu moja, hata kama mnaipenda. Fagor, kampuni ya vifaa vya nyumbani katika familia ya ushirika ya Mondragón nchini Uhispania, ilikuwa fahari ya eneo lake kwa miongo mingi. Ilipofilisika mwaka 2013 hawakuumia wafanyakazi peke yao. Waliumia pia watu wa kawaida walionunua hati zake, ambazo kwenye foleni ya malipo zilikuwa nyuma ya wadai wengine. Mtu anayefanya kazi, anayeishi na anayeweka akiba yote mahali palepale, pakiyumba anapoteza vyote kwa mpigo. Pendekezo langu: kila mwanachama aweke kiasi ambacho kikipotea chote, nyumbani kwake hakuna atakayelala njaa wala kuacha shule.

Madeni ya biashara yanaweza kunifuata mimi binafsi?

Inategemea mmesajiliwa kama nini. Kwenye kampuni yenye ukomo wa dhima, au chama cha ushirika cha aina hiyo, unapoteza ulichoweka na si zaidi. Kikundi kisichosajiliwa kinaweza kuhesabiwa na mahakama kama ubia, na wadai wakaja kwa yeyote mwenye mali.

Vyama vya mikopo vya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye mwaka 1864 alianzisha chama chake cha Heddesdorf nchini Ujerumani, vilifanya makusudi kinyume chake: kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama bila kikomo. Wakulima wasio na dhamana wakaaminika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sababu ya kumchunguza mwenzake. Ilifaa mahali ambapo wote walijuana. Leo sioni sababu ya kumtia mtu kwenye hatari hiyo.

Tunaruhusiwa kutangaza na kukusanya fedha kwa umma?

Hapa mwone mwanasheria kabla ya kuchapisha tangazo, hata kama gharama inauma. Nchi nyingi husimamia utoaji wa hisa na hati za mkopo kwa umma, na jina mlilolipa jambo lenu haliwaokoi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946, katika kesi ya Howey, iliweka kipimo ambacho kinaeleza wazo lenyewe vizuri: watu wakiweka fedha kwenye shughuli ya pamoja wakitarajia faida itokanayo na juhudi za wengine, huo ni uwekezaji unaosimamiwa na sheria, uite mchango, uanachama au urafiki.

Kwa kawaida kuna milango midogo. Kikundi kidogo ambacho kila mwanachama anashiriki kweli katika maamuzi huwa na unafuu. Vyama vya ushirika mara nyingi vina sheria yao. Toleo likibaki ndani ya jimbo moja linaweza kuwa na masharti mepesi: mwaka 1984 Ben & Jerry's, watengenezaji wa aiskrimu, wakiwa bado wadogo, waliwauzia hisa wakazi wa jimbo la Vermont peke yao na kupata dola 750,000. Na tangu Mei 2016 Marekani imeruhusu biashara ndogo kuuza hisa au hati kwa umma kupitia majukwaa ya mtandaoni yaliyosajiliwa, sasa hadi dola milioni 5 kwa miezi 12. Kanuni yake moja inafaa kuigwa hata pasipo na sheria hiyo: biashara inataja lengo, na lisipofikiwa kila mtu anarudishiwa fedha yake yote. Nusu ya mtaji ni hatari kuliko kukosa mtaji, kwa sababu hununua nusu ya kiwanda.

Nani achague biashara za kuwekezea?

Kamati ya watu watano hivi, na kati yao angalau wawili wawe wamewahi kuendesha biashara na kulipa mishahara. Waone kumbukumbu za mauzo za mwaka mzima, taarifa za benki au za simu, madeni yaliyopo, mkataba wa pango. Waende kukaa pale siku ya kazi, wahesabu wateja. Simulizi nzuri ya mwenye biashara isichukue nafasi ya daftari.

Kiongozi wa mfuko anaweza kukopa?

Ningesema hapana, kwa kipindi chote cha uongozi wake. Wapo wanaoruhusu kwa idhini ya mkutano mkuu, lakini nani atanyoosha mkono kumkatalia mwenyekiti aliye mbele yake? Ndugu yake akiomba, kiongozi atoke chumbani wakati wa mjadala na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Kiwango cha chini cha kujiunga kiwe kiasi gani?

Kidogo, na kilipwe kwa awamu. Alphonse Desjardins alipoanzisha chama chake cha akiba na mikopo huko Lévis, Québec, mwaka 1900, hisa ilikuwa dola 5 na mwanachama aliruhusiwa kuilipa polepole.

Mwenye biashara anazeeka na hana wa kumrithi. Jamii inaweza kuinunua?

Inaweza, na mara nyingi ni salama kuliko kuanzisha mpya: wateja wapo, hesabu za miaka iliyopita zipo, wafanyakazi wanaijua kazi. Muuzaji akubali kulipwa sehemu ya bei taratibu kutokana na mapato, ili naye awe na sababu ya kukabidhi vizuri. Wafanyakazi wenyewe ndio wanunuzi wa kwanza wa kufikiriwa. Italia ina sheria ya mwaka 1985, iitwayo Marcora, inayowawezesha wafanyakazi wa kampuni inayofungwa kuanzisha ushirika na kuiendesha wenyewe kwa msaada wa mfuko maalumu. Baadaye Italia iliwawezesha pia kupokea mafao yao ya ukosefu wa ajira kwa mkupuo na kuyageuza mtaji.

Serikali inaweza kusaidia bila kuuteka mfuko?

Msaada mzuri ni ule unaomwacha mwanachama aamue. Jimbo la Nova Scotia, Kanada, lina mpango wa mifuko ya uwekezaji ya jamii tangu 1999: mkazi anayenunua hisa za mfuko uliosajiliwa anapunguziwa kodi ya mapato, kwa masharti ya kutoziondoa kwa miaka kadhaa. Serikali haichagui biashara. Ruzuku inayomwagwa moja kwa moja kwenye mfuko ni jambo jingine. Wakopaji huanza kuiona fedha kama ya serikali, na marejesho hulegea.

Tuanzie wapi wiki hii?

Iteni watu kumi hadi ishirini wanaoaminiana, na msilete fedha. Leteni orodha ya biashara tatu za karibu ambazo mngehuzunika zikifungwa, na mmoja aende kuwauliza wenyewe wanahitaji nini hasa. Mara nyingi jibu halitakuwa fedha, litakuwa mwekahesabu, mkataba mrefu wa pango au wateja wa uhakika, na hayo mnaweza kuyatoa mapema. Kama ni fedha, andikeni rasimu ya katiba mkianzia kwenye ukurasa wa kutoka, kisha kura, kisha dari, kisha akiba ya hasara. Ipelekeni kwa afisa ushirika au mwanasheria. Fungueni akaunti yenye saini tatu. Uwekezaji wa kwanza uwe mdogo na wa muda mfupi, wenye tarehe ya mwisho ambayo kila mwanachama anaijua, na taarifa yake isomwe kwenye kila kikao mpaka rejesho la mwisho liingie.